Mama Mkalimani na Shitaka la Korosho

Mama Mkalimani alikuwa na jozi mbili za viatu. Vya plastiki alivaa njiani, maana kwake kulikuwa mbali na mahakama na mchanga wa Newala hauna adabu, huingia kila mahali. Vya ngozi, vyeusi, alivibeba kwenye mfuko wa kitenge na kuvivaa akishafika barazani. Alivivaa polepole, amekaa kwenye benchi wanalokaa washtakiwa wenye dhamana, na huku anafunga kamba tayari alikuwa ameanza kazi.

"Wewe umeitwa kwa nini?" alimuuliza aliyekaa jirani yake.

"Wanasema nimeiba, mama."

"Sikuuliza wanasema nini. Karatasi inasema nini?"

Mara nyingi mtu hakujua. Alikuwa na hati ya mashtaka mfukoni, imekunjwa mara nne, imelowa jasho, na hajaisoma kwa sababu hajui kusoma au kwa sababu ameona mihuri akaogopa. Mama Mkalimani aliinyoosha juu ya paja lake, akaniita nikiwa dirishani: "Karani, njoo utusomee Kiingereza hiki."

Hivyo ndivyo nilivyomzoea. Nilikuwa karani wa masjala, kijana nimetoka Masasi na sweta moja jepesi, nikidhani baridi ya Newala ni maneno ya watu. Wiki ya kwanza aliniletea sweta la kahawia la marehemu mumewe. Hakusema pole wala karibu. Alilitupa juu ya mafaili yangu akasema, "Mwezi wa sita huku watu hutetemeka. Ukiugua nani atatusomea?"

Hakuwa mwajiriwa wa mahakama. Aliitwa siku ambazo mshtakiwa au shahidi hasikii Kiswahili sawasawa. Aliapa kwa Biblia kwamba atatafsiri kwa uaminifu, kisha akasimama kando ya kizimba, mikono nyuma. Alijua Chimakonde, Emakhuwa na Chiyao. Jina lake limo katika majalada mengi, lakini sikumsikia mtu akilitaja. Mahakimu, askari na mahabusu, wote walimwita Mama Mkalimani.

Wageni waliotoka mikoa mingine walimshangaa. Hakimu mmoja mpya aliuliza mbele yangu kama kweli siku hizi bado kuna Mtanzania asiyejua Kiswahili.

"Wanakijua, mheshimiwa," Mama Mkalimani alimjibu. "Cha kununulia chumvi wanacho. Ila mtu akisimama pale, akiogopa, anarudi kwenye lugha aliyoimbiwa mgongoni."

Hakimu yule alikaa nasi miaka mitatu, na kabla hajaondoka alikuwa akimtuma mtu kumwita hata pale mshtakiwa aliposema anajua Kiswahili.

Kazi ya mkalimani ni kubeba maneno kutoka mdomo huu hadi sikio lile. Haruhusiwi kumshauri mshtakiwa. Yeye alilivunja sharti hilo karibu kila asubuhi, pale barazani, kabla kesi hazijaitwa. Hakuwafundisha watu uongo. Aliwaeleza wameshtakiwa nini, basi. Namkumbuka akiwaeleza vijana wawili walioshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Walikuwa wamemvizia mtu barabarani wakamnyang'anya simu, na mmoja wao alisema kwamba yeye atakiri tu ili yaishe, maana simu waliichukua kweli.

"Unakiri nini?" alimuuliza.

"Kwamba tuliichukua simu."

"Hukuulizwa simu. Sikiliza. Ukichukua cha mtu kimyakimya, huo ni wizi. Ukichukua kwa kumpiga au kumtisha, ni unyang'anyi. Panga likiwapo, hiyo ni nyingine kabisa, na ukitiwa hatiani ni miaka thelathini. Panga lilikuwapo?"

"Halikuwapo, mama. Mimi nilimsukuma tu."

"Basi ukiulizwa, jibu hilo unaloulizwa. Usijibu simu wakati umeulizwa panga."

Mwendesha mashtaka alimlalamikia. Hakimu akamwita ofisini, nami nilikuwamo nikipanga majalada. "Mama," alisema hakimu, "wewe ni mdomo. Si wakili."

"Ni kweli, mheshimiwa. Lakini siwezi kubeba mzigo nisioujua, na yule siwezi kumtwisha asioujua."

Hakimu alimwonya kwa mdomo, akamwacha aende. Kesho yake alikuwa benchini, anafunga kamba za viatu.

Si kwamba alikuwa na huruma nyepesi. Mtu akilia ndani ya chumba cha mahakama alimwambia akalie nje. Wanawake waliokuja kumsujudia wakidhani ana uwezo wa kumtoa mtu rumande aliwafukuza kwa maneno makali, na mmoja aliyemletea kuku alirudishwa naye hadi stendi, kuku kwapani, kila mtu anaona. Nyumbani kwake palikuwa na kichekesho ambacho majirani walinisimulia. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye mihogo yake, Mama Mkalimani, aliyeshinda akieleza tofauti ya kosa na kosa, alisimama uwanjani na kupiga kelele, "Nitakufunga! Wizi! Uharibifu wa mali! Nitakufunga wewe na mbuzi wako!" Alimnunia jirani huyo miaka kadhaa. Nilipomkumbusha kwamba mbuzi hana nia ovu, alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Siku nyingine aliletwa mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Alikuwa amempiga mdogo wake kwa mpini wa jembe kwenye ugomvi wa pombe, na mdogo akafa siku mbili baadaye. Shitaka kama hilo mahakama ya wilaya hailisikilizi. Linatajwa tu, linaahirishwa, mpaka Mahakama Kuu ije. Mshtakiwa huambiwa asijibu lolote. Lakini yule mzee hakuweza kukaa kimya. Alisema kwa Chimakonde, kwa sauti, machozi yakimtoka. Mama Mkalimani hakupepesa macho. "Anasema: nimemuua mdogo wangu, niandikieni." Alilisema neno kwa neno, nami nilimchukia kidogo kwa hilo.

Mzee alipokuwa barazani na pingu, akingoja gari la magereza, Mama Mkalimani alimwomba askari dakika moja. Akachuchumaa mbele yake.

"Ulipouinua ule mpini, ulitaka afe?"

Mzee aliinua uso. Akasema, "Nilitaka anyamaze."

"Siku ukipewa wakili, mwambie neno hilo. Usiliongeze, usilipunguze. Kuna kuua kwa kukusudia na kuna kuua bila kukusudia. Mtu amekufa kote kuwili, ila si kosa moja."

Baada ya muda mrefu nilisikia kwamba Mahakama Kuu ilipokaa, shitaka lilibadilishwa na mzee akafungwa miaka michache. Nilimpa habari hiyo Mama Mkalimani nikidhani atafurahi. Alisema tu, "Mdogo wake hajarudi."

Kilichonisumbua zaidi ni jambo moja. Sikuwahi kumsikia akisema neno "anakubali." Mshtakiwa akijibu ndiyo, hakimu huuliza, "Anakubali?" Mkalimani mwingine yeyote angesema, "Ndiyo, mheshimiwa." Yeye alirudia maneno yote ya mshtakiwa, hata yasiyo na maana, hata pale hakimu alipoangalia saa na askari kuguna. "Anasema: ndiyo nilikwenda shambani, ilikuwa asubuhi, nilikuwa na mke wangu, mbwa alitufuata." Hakimu akisisitiza, alisema, "Mheshimiwa, hayo ndiyo aliyoyasema. Kukubali utaandika wewe."

Sababu nilikuja kuijua kwa bahati. Alikuwa na desturi ya kuja masjala saa za chakula na muhogo wa kuchemsha, tugawane, kisha nimsomee Kanuni ya Adhabu. Nakala yetu ilikuwa ya Kiingereza. Nilisoma kifungu, nikakigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza, naye akakiandika kwenye daftari la shule, halafu akafumba macho na kukitafutia maneno ya Chimakonde, midomo ikicheza. Tulikwenda hivyo kwa miezi. Tulifika kwenye wizi. Nilimsomea kwamba mwizi ni mtu anayechukua kitu kwa udanganyifu na bila dai la haki.

"Rudia."

"Kwa udanganyifu na bila dai la haki."

"Dai la haki ni nini?"

Nilirudi nyuma kwenye kifungu kingine, nikamweleza. Mtu akichukua mali akiamini kwa dhati ya moyo wake kwamba ni yake au ana haki nayo, wala hana nia ya kumlaghai mtu, hana kosa la jinai, hata kama ikija kuonekana kwamba mali ile si yake. Huo utakuwa ugomvi wa mali, waende wakaamuliwe kwenye kesi ya madai.

"Hata kama anakubali alichukua?"

"Hata kama anakubali alichukua, mama."

Alifunga daftari. Kipande cha muhogo kilibaki mkononi mwake. Aliondoka akiwa na viatu vya ngozi, vya plastiki akavisahau chini ya meza yangu, na siku nne hakuonekana.

Aliporudi alinisimulia. Miaka mingi kabla sijafika, alipokuwa mgeni katika kazi ile, aliletwa mkulima mmoja wa kijiji kilicho ukingoni mwa uwanda, wanakomwita Baba Shaibu. Baba yake alikuwa amekufa na kuacha mikorosho. Kwa mila za wengi huku, mali ya marehemu ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Lakini Baba Shaibu ndiye aliyeipalilia mikorosho ile tangu mzee alipougua, na msimu ulipofika aliingia na mkewe akaokota korosho mchana kweupe, akazianika uani kwake. Mpwa akaenda polisi. Shitaka likawa wizi.

Kizimbani, Baba Shaibu aliposomewa shitaka, alisema kwa Chimakonde: "Nilizichukua. Ni za baba."

"Maneno mawili," Mama Mkalimani aliniambia. "La kwanza nililitoa. La pili nilidhani ni utetezi, atasema baadaye. Hakimu akauliza, anakubali? Nikasema, anakubali, mheshimiwa. Sikujua kwamba ukishakubali hakuna baadaye."

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya kosa: alikwenda shamba fulani, akaokota korosho, akazipeleka kwake. Baba Shaibu aliulizwa kama ni kweli. Yote yalikuwa kweli. Akaulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, naye alikuwa ameshaambiwa na wenzake wa mahabusu aombe msamaha. Akaomba. Akafungwa mwaka mmoja, na mama yake mzazi alifariki mwanawe akiwa gerezani, akazikwa bila yeye.

"Uligundua lini kwamba palikuwa na kosa?"

"Wiki ile ile. Mkewe alikuja hapa barazani akaniuliza, 'Mama, tangu lini mtu anafungwa kwa mali ya baba yake?' Nilijisikia vibaya, lakini nilijiambia sheria ndivyo ilivyo. Nilikuwa na watoto wadogo na kazi hii nilikuwa nimeipata juzi. Nikaogopa kumwuliza hakimu. Sasa wewe umenisomea."

Nilimwambia rufaa ina muda wake, kwamba mtu anaweza kuomba kuongezewa muda, kwamba labda jalada bado lipo. Nililitafuta. Nililipata, limeliwa na mchwa pembeni, na ndani yake mstari mmoja: mshtakiwa amekiri kosa. Nilimwonyesha. Aliusoma mstari ule, akanirudishia jalada.

"Niende nikamwambie?" aliniuliza.

"Ni juu yako, mama."

Hakwenda. Mwaka ule hakwenda, wala uliofuata. Huyu mwanamke aliyewakaripia askari na kuwajibu mahakimu alikuwa akibadilisha njia sokoni kila alipomwona mtu wa kijiji kile. Niliona kwa macho yangu. Nami nikahamishiwa Masasi, tukabaki kupigiana simu sikukuu, na nilipokuja Newala kumsalimia, hatukulitaja jambo hilo.

Mwaka huu alinipigia mwenyewe. Alipaza sauti, maana masikio yalikuwa yameanza kumwacha na alidhani sisi sote hatusikii. "Karani! Njoo Jumamosi. Njoo na ile sheria."

Nilimkuta amevaa tayari, mwembamba kuliko nilivyomwacha, fimbo mkononi. Tulipanda gari hadi njiapanda, tukamalizia kwa miguu, tukipumzika mara nyingi. Njiani hakuongea isipokuwa kuniuliza kama karatasi ninayo.

Baba Shaibu alikuwa uani na mkewe, wanageuza makopa ya muhogo juu ya mkeka. Ni mtu mfupi, kichwa cheupe. Alisimama kutupokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Shaibu. Hujambo?"

Alimtazama. "Sauti hii naijua," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia maneno mahakamani."

Tuliletewa viti. Waliongea Chimakonde, ambacho mimi kwa miaka ile nilikuwa nimekipata cha kutosha. Nililazimika kumsemea Mama Mkalimani sikioni kila aliposhindwa kumsikia mwenyeji wetu.

"Nimekuja kwa habari ya kesi yako," alianza.

"Mama, hayo yamepita. Niliiba, nikafungwa, nikarudi. Tangu siku hiyo sijagusa cha mtu. Uliza kijiji kizima."

Nilimsemea. Akaniambia nirudie.

"Nani alikuambia uliiba?" alimuuliza.

"Wewe," alisema Baba Shaibu, bila hasira. "Ulisimama pale ukaniambia, mahakama imekuona una hatia ya wizi. Mimi nilikuwa najua ni korosho za baba. Lakini nikafikiri, wenye kujua sheria wamesema, mimi ni nani? Nikawaambia na watoto wangu. Nikawaambia, baba yenu aliiba, msije mkafanya hivyo."

Mkewe aliacha kugeuza makopa.

Mama Mkalimani aliomba nisome. Nilisoma kifungu kwa Kiswahili, yeye akakitafsiri, sauti ikimpanda kwa sababu ya uziwi wake, mpaka mtu aliyekuwa akipita njiani akasimama. Alieleza wizi ni nini. Alieleza dai la haki. Alieleza kwamba mwana na mpwa wangeweza kugombania mikorosho mpaka leo, na pengine mpwa angeshinda, lakini mwana aliyeokota mchana kweupe akiamini ni za baba yake hakuwa mwizi. Kisha akasema lililomleta.

"Ulisema maneno mawili. Mimi nikapeleka moja. Nikasema unakubali. Hukukubali. Mimi ndiye niliyekubali kwa niaba yako, na hukunituma. Nilijua mapema kwamba kuna kitu, nikaogopa."

Baba Shaibu alikaa akitazama mikono yake, yenye unga mweupe wa muhogo. Sikujua atafanya nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo.

"Kwa hiyo sikuiba," alisema.

"Hukuiba."

"Mama Shaibu, umesikia?"

"Mimi nilijua," mkewe alisema. "Nilikwenda hadi mahakamani nikawauliza." Akafunika uso kwa kanga.

Nilimweleza Baba Shaibu habari za kuomba rufaa nje ya muda, na kwamba ningemsaidia kuandika. Alitikisa kichwa. Mahakamani hataki kurudi, alisema, na mpwa wa baba yake ameshakufa, atagombana na nani? Akaingia ndani, akatoka na simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. Alibonyeza taratibu, akaiweka kwenye sauti kubwa, akaishika katikati yetu. Alisema ni mwanawe, anaendesha bodaboda huko Masasi. Alisema alipokuwa shuleni wenzake walimwita mtoto wa mwizi, akapigana sana, akaacha shule, akaondoka, na tangu hapo hamwamkii.

Simu iliita muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ya kiume na mlio wa pikipiki.

"Sema, mzee. Niko na abiria."

"Simama kidogo. Kuna mtu hapa."

Baba Shaibu alimwashiria Mama Mkalimani. Aliinama juu ya simu, akashika fimbo kwa mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia mahakamani. Alijitaja yeye ni nani. Alisema siku ya kesi baba yake alisema nini, na yeye alifikisha nini. Alisema baba yake hakuiba. Alilisema mara mbili.

Upande wa pili pikipiki ilizimwa. Nikadhani mtandao umekatika. Baba Shaibu aliitazama simu, ikawa bado inahesabu dakika.

"Baba yupo hapo?" sauti iliuliza.

"Nipo."

"Shikamoo, baba."

Baba Shaibu aliisogeza simu karibu na mdomo. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Mama Mkalimani alinishika mkono. Hakuwa amesikia kitu. "Amesema nini?" aliniuliza. "Kijana amejibu nini?"

Nilimwinamia sikioni nikamwambia.